Jibu Refu Kuhusu Poromoko la Saba

Stoo ya vifaa,
Alhamisi, saa tatu asubuhi.

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Nakuamkia kwa heshima zote, na shemeji mfikishie salamu zangu hata ukimkuta amejifunika gazeti usoni kama kawaida yake. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mgongo umepunguza kukusumbua tangu ulipobadilisha kiti cha cherehani. Miwani je, umenunua, au bado unatunga uzi kwa kukisia ili wateja wasijue umri umekwenda? Mimi mwili hauna neno. Nakula, naoga, natembea. Usingizi ndio umenisusa, na sababu yake utaiona humu.

Mwanao naye ni mzima. Hilo nimelitanguliza makusudi, kwa kuwa nakujua, ukiona barua imekuwa ndefu unarukia mistari ya mwisho. Hivi sasa yuko uani anafua soksi. Hajaumia, hajaugua, na mguu wake bado haujaingia ndani ya boti.

Jumapili ulinipigia simu ukaniuliza jambo moja tu. Hukuuliza watalala wapi wala watakula nini. Uliuliza kama huo mto atakaopita mwanao, Chiriku wako, Jumamosi hii nimeuona mwaka huu kwa macho yangu, wote, kuanzia juu hadi chini. Nikakujibu ndiyo. Ukasema basi, imetosha, na Jumatatu ukatia sahihi fomu ya mzazi ukampa dereva wetu alipokuja huko kununua vitu. Barua hii ni jibu la swali lile lile, ila refu. Ningeweza kupiga simu, lakini ungesikia sauti yangu ukanihurumia, nami sitaki unihurumie kabla hujajua unamhurumia mtu wa namna gani. Nakuomba usinipigie mpaka ufike mwisho.

Kwanza nikueleze kazi yetu inavyokwenda, maana naona hata shemeji anadhani nalipwa kwa kuogelea. Watu wanafikiri safari ya maji makali ni kupiga kasia na kupiga kelele. Kasia ni siku moja. Kupanga ni mwezi mzima. Hii stoo ninayoandikia iko nyuma ya duka la matairi, na huwezi kunusa chochote humu isipokuwa mpira. Ukutani zimetundikwa jaketi za kujiokolea ishirini na mbili, na kila moja nimeivuta mikanda kwa mikono yangu. Boti mbili za mpira tumezijaza upepo tangu Jumatatu na kuziacha hivyo, tuone kama zitanywea. Kofia ngumu, kamba, filimbi, sanduku la dawa, mifuko isiyoingia maji, tela la kubebea boti, dereva wa kutusubiri kule chini tutakakotokea, vyote vimeandikwa kwenye ubao na bosi wetu, mama mmoja aliyekuwa mwalimu wa kuogelea. Tunamwita Madamu. Akipiga alama ya vema kwenye ubao wake, hata panya wa humu ndani wanajua jambo limekwisha.

Wageni wa Jumamosi ni wauguzi wanane wa huko kwenu, ambao wamepanga likizo zao kwa pamoja tangu mwaka jana. Wanne wanakaa boti ya mwenzangu Mrefu, wanne boti yangu. Chiriku alipangwa kwangu, mbele kushoto. Madamu alisema akiivuka safari hii vizuri, atamchukua kama mwanafunzi wa kazi, na binti yako tangu aliposikia hivyo hakuna aliyepumzika masikio humu ndani.

Mto wenyewe una maporomoko saba, nasi tunayaita kwa namba. La Saba lina jina la ziada. Linaitwa Mama Mkwe, kwa sababu hakuna anayepita mbele yake bila kuinamisha kichwa. Utani huo niliuanzisha mimi, miaka ile nilipokuwa bado na mdomo wa kutania.

Sasa sheria ya Madamu ni hii: mto hausomwi kwa kumbukumbu. Jiwe la mwaka jana si lazima liwe pale mwaka huu. Kwa hiyo kabla ya kila msimu, ndani ya siku saba kabla ya boti kuingia majini, watu wawili wanashuka kwa miguu kando ya mto na kusimama mbele ya kila poromoko. Wanatupa kipande cha ubao kule juu, wanahesabu mpaka kitokee chini, wanatazama kimepita wapi na kimezama wapi. Halafu mmoja anachora kwa penseli kwenye daftari, na wote wawili wanatia sahihi. Michoro hiyo ndiyo inayobandikwa ukutani, na safari nzima inapangwa juu yake: boti ielekee wapi, nani apige kasia lini, mtu wa kamba asimame juu ya jiwe gani ili mgeni akidondoka amrushie. Na kuna adabu moja katika kazi hii ambayo haijaandikwa popote. Mchoro wa mwenzako huulizi kama kweli alifika. Kumuuliza hivyo ni sawa na kumwita mwongo mbele ya wanawe.

Jumamosi iliyopita tulishuka mimi na Mrefu. Tulianza saa kumi na mbili asubuhi, tukatupa ubao wetu, tukahesabu, tukachora. La Kwanza, la Pili, mpaka la Sita, hakuna hata moja tuliloliruka. Pale la Sita goti la Mrefu likagoma. Unalijua lile goti, ndilo lililomfanya akae kiti cha nyuma siku ya harusi ya mwanawe. Akakaa chini ya kivuli akasema twende kesho tena, au mimi nimalizie lile moja lililobaki, ni mwendo wa dakika ishirini tu, yeye ananiamini. Nikaenda peke yangu. Baada ya saa moja na nusu nikarudi na mchoro. Mrefu akautazama, akausifu, akatia sahihi yake chini ya yangu.

Dada, ule mchoro ulikuwa mzuri. Madamu alisema hajapata kuona la Saba likichorwa vizuri vile, akautolea nakala, moja kwa kila mtu. Jiwe kubwa katikati, maji yanayorudi nyuma upande wa kushoto, na kulia lile jiwe bapa ambalo mtu wa kamba husimama juu yake. Kwa mchoro huo tukapanga: mgeni yeyote akidondoka la Saba aogelee kulia, kwa nguvu zake zote, kamba itamkuta hapo. Chiriku alinakili kwa kalamu za rangi kwenye daftari lake. Akiwa anaosha vyombo anaimba: la Kwanza shika kushoto, la Pili tulia, la Saba dondoka uende kulia. Nilimwomba aimbe kitu kingine. Akanicheka, akasema Mjomba una wivu na sauti yangu.

Juzi Jumanne dereva alikwenda kukagua barabara ya kule chini tunakotokea na boti. Aliporudi alitueleza, huku akinywa maji bila wasiwasi, kwamba kwenye mchanga amekuta miti miwili mikubwa imekwama, na mizizi yake yote, na udongo mwekundu bado mbichi kwenye mizizi. Maji pia yalikuwa na rangi ya udongo, wakati mvua haijanyesha wiki mbili. Kila mtu wa kazi hii anajua maana ya mti na mizizi yake. Ni kwamba mahali fulani ukingo umebomoka na kuingia mtoni, na ukingo ukiingia mtoni maji hutafuta njia nyingine.

Madamu akageuka akatazama mchoro wangu ukutani. Akasema labda ni kile kijito kinachoingia chini ya la Saba, kwa sababu la Saba tumeliona juzijuzi na liko salama. Hakuniuliza chochote. Mrefu akasema naam, ni kijito. Na mimi nikasema naam, ni kijito. Kisha, Dada, nikajifanya naangalia mikanda ya jaketi. Nilivuta mkanda wa jaketi la mwanao mara tano.

Jana mchana tulikuwa mezani mimi na yeye. Tulipomaliza kula hakuondoa vyombo. Akachukua kikombe akakiweka katikati ya meza, akasema hili jiwe kubwa. Kichupa cha chumvi akakiweka kulia, akasema hili jiwe bapa, mtu wa kamba yuko juu yake. Kijiko kikawa boti. Akakisukuma taratibu, akanieleza atakavyopiga kasia, na kwa kweli alieleza vizuri kuliko baadhi ya watu wenye miaka mitano kazini. Halafu akaniuliza, Mjomba, nikidondoka hapa, nitajuaje upande wa kulia wakati maji yamenizungusha? Niweke macho wapi? Kuna nini pale nitakachokiona kwanza?

Nilijua atanitii. Nikimwambia kulia, ataogelea kulia kwa nguvu zake zote za miaka kumi na saba, bila kutazama kushoto hata mara moja, kwa sababu Mjomba amesema. Na mimi sikujua kama huko kulia kuna jiwe, au kuna mti umelala na matawi yake ndani ya maji. Mti ndani ya maji makali ni mtego, Dada. Maji yanapita katikati ya matawi, mtu hapiti.

Sikujua kwa sababu sikuliona. Nimeandika, basi. La Saba sikuliona.

Jumamosi ile nilipomwacha Mrefu nilitembea vizuri mpaka kwenye ile kona ambapo njia inapita nyuma ya jiwe kubwa kama nyumba. Ukipita jiwe hilo unaliona la Saba lote mbele yako. Nikasikia ngurumo yake, na miguu ikasimama. Nilijiambia hatua kumi tu, wewe mwanaume, hatua kumi. Nikajikaza, nikashindwa. Nikakaa nyuma ya lile jiwe, nikatapika. Nilikaa pale zaidi ya dakika arobaini, daftari mapajani, nikachora poromoko la mwaka juzi kutoka kichwani. Ndiyo maana lilikuwa zuri. Mtu anayetazama maji yenyewe hufutafuta. Mimi sikuwa na cha kufuta.

Na kuna lililo baya zaidi. Pale nilipokaa niliisikia sauti yake, na haikuwa ile niliyoizoea. Zamani la Saba lilikuwa na ngurumo moja isiyokatika. Safari hii ilikuwa inakatika, inashika, inakatika, kama maji yanayopita kwenye kitu. Nilisikia, nikaendelea kuchora.

Utaniuliza nini kilichonipata. Kovu la kidevuni nililokwambia mwaka jana kwamba ni la pikipiki, si la pikipiki. Mwanzoni mwa msimu uliopita boti yangu ilipinduka la Saba. Wageni wote walitoka, wakavutwa kwa kamba, wakacheka na kupigana picha. Mimi nilibaki chini ya boti, kofia imenasa kwenye kamba ya pembeni. Kulikuwa na giza na kelele, na sikujua juu ni wapi. Nilikuita wewe. Sikumwita mama, Mungu amrehemu, nilikuita wewe, nikameza maji. Mrefu ndiye aliyenikatia ile kamba. Jioni yake nilimsihi asimwambie mtu ilichukua muda gani, naye hajamwambia mtu mpaka leo. Tangu siku hiyo kila safari natapika kabla ya kuingia kwenye boti. Nawaambia wageni nakwenda kuangalia tairi za tela. Miaka kumi na miwili naitwa nahodha, na naogopa maji kama paka.

Wakubwa walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilifika mpaka kwenye kikombe na kichupa cha chumvi. Nilimweleza mwanao yote, kama nilivyokueleza wewe, ila kwa kigugumizi. Alirudisha kikombe mahali pake. Nilitamani anitukane. Baadaye sana, akiwa amenipa mgongo, aliniuliza Mrefu alikuwa mbali kiasi gani wakati nimekaa pale nyuma ya jiwe. Nikamwambia dakika ishirini. Akasema angekuwa yeye ni Mrefu angechechemea aje, kama tu ningeita. Kisha akaniambia nimwambie Madamu kabla yeye hajamwambia, na akanipa mpaka leo saa moja asubuhi. Ni wewe mtupu huyo mtoto.

Saa moja nilikuwa mlangoni. Madamu alinisikiliza akiwa amesimama, kalamu ya ubao mkononi. Nilipomaliza alikwenda ukutani akautoa mchoro wangu, na nakala zote, akafuta alama ya vema. Hakupaza sauti. Aliniambia kwamba kuogopa hakujapata kumfukuzisha mtu kazi hapa, na kwamba ningemwambia mwaka jana angenipa kazi ya gari nikashukuru. Lakini kutia sahihi kitu nisichokiona, hilo lina watu kumi na mmoja ndani yake, na mmoja wao ni mtoto wa dada yangu. Jumamosi sitashika boti. Baada ya Jumamosi ataamua kama nitashika chochote. Mrefu naye aliitwa akaulizwa sahihi yake. Alijibu kwamba aliniamini, akatoka nje akachechemea mpaka kwenye matairi akakaa huko. Sijaweza kumfuata.

Naomba nikwambie kitu ambacho hata Madamu sijamwambia. Aliposema sitashika boti, nilifurahi. Kabla ya aibu, kabla ya kufikiria kazi, nilifurahi. Nilipoisikia ile furaha ndani yangu ndipo nilipojua kwamba ningeweza kukaa kimya mpaka Jumamosi, nikampeleka mwanao kwenye maji ambayo mimi mwenyewe nilishindwa kuyatazama. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, wala si bosi.

Sasa lililoamuliwa. Dereva anaondoka leo saa nane kuja kulala huko na kuchukua wauguzi, atakupa bahasha hii mkononi. Fomu uliyotia sahihi uliitia kwa neno langu, kwa hiyo kwa ruhusa ya Madamu nimeichana. Ndani utakuta nyingine tupu. Kesho alfajiri Madamu anashuka mwenyewe mpaka la Saba, na likiwa halipitiki safari itaishia la Sita, wauguzi wapende wasipende. Mimi nakwenda naye. Chiriku ameomba kwenda pia, kwa miguu, kwenye njia ya juu. Usipotaka, piga simu leo jioni useme hapana, atabaki.

Ukimruhusu, tutakuwa tumerudi kabla ya saa sita mchana, naye atakupigia mwenyewe. Usiniulize mimi tena. Muulize yeye ameona nini, umsikilize mpaka achoke, ndipo ushike kalamu au uiache. Dereva na wauguzi wanaondoka huko kesho saa nane mchana. Fomu ikirudi tupu, mwanao atakununia wiki moja, nami nitalala.

Kuhusu mimi, sitakuahidi kitu. Nitatembea mpaka kwenye lile jiwe. Nikishindwa kulipita, Madamu na mwanao watanipita waende wakaangalie, na safari hii nitakaa mahali wanaponiona.

Nisalimie shemeji, na mafundi wenzako wote hapo kibarazani. Usimlaumu dereva, hajui alichobeba.

Ni mimi mdogo wako,
uliyenibeba mgongoni.